Kasiksi ya Muramu Françoise

Kwa Bashi, watu wa milima ya Bukavu, kinywaji hakitoki mkononi mwa mwenye nyumba kwenda mkononi mwa mgeni bila kupita kwanza mdomoni mwa mwenye nyumba. Anainua kibuyu, anapiga funda moja, anameza huku koo likionekana linapanda na kushuka, ndipo anakipitisha. Hakuna anayeeleza maana yake, kwa kuwa hakuna asiyeijua: ninachokupa nimekiweka kwanza ndani ya mwili wangu. Françoise wa Mudaka, mjane wa Jean-Marie, aliuza kasiksi, ile pombe ya ndizi, kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote hakusahau hata mara moja funda hilo la kwanza. Na bado shemeji yake, mtu aliyesoma, mwalimu wa biolojia, alipata namna ya kusema kwamba alikuwa ametiliwa kitu.

Muramu, ndivyo huku wanavyoitana mke wa kaka na ndugu wa mume. Huyo muramu wake, Marcellin, anakaa Bagira, katika nyumba ya matofali yenye kipande cha bustani nyuma, na anafundisha shule ya sekondari ya hapo hapo. Wakati mambo haya yanaanza alikuwa mtu mnene, wa unene ule ambao mjini Bukavu watu huusalimia kwa heshima kabla hawajamjua mwenyewe. Kila mwaka huchora mapafu ubaoni kwa chaki ya rangi mbili, nyekundu kwa damu na buluu kwa hewa. Anayachora vizuri sana, yakiwa yameinama kidogo kama majani mawili ya mgomba baada ya mvua. Wanafunzi waliomaliza zamani wamesahau mengi aliyowafundisha, lakini mapafu yale hawayasahau.

Yake mwenyewe yalikuwa mabovu tangu utoto. Mama yao aliuita ugonjwa huo baridi, akawafunga yeye na kaka yake vitambaa kifuani. Jean-Marie alibaki kijijini, akaoa, akalima ndizi; Marcellin akaenda shule. Mengine yote hawakugawana sawa, ila kifua walikigawana sawa. Jean-Marie alikufa msimu wa mvua, ndani ya siku moja, mdomo wazi kama sambaza aliyetolewa ziwani, na kwenye matanga watu hawakumtazama maiti peke yake. Waliitazama pia mikono ya mjane. Ndivyo ilivyo: mume akifa upesi, mikono ya mkewe huchunguzwa, kwa sababu karuho, ile sumu isemwayo kwamba huua polepole, husemwa pia kwamba hukaa chini ya ukucha.

Wakati ule Marcellin alimtetea. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kupita mengine, kwamba kulikuwa na siku ambayo alikuwa mtu mwema, na aliikumbuka.

Kila Bonane, mwaka mpya unapoingia, alipanda Mudaka na mkewe Gisèle na watoto. Françoise alimpokea kama kijiji kinavyompokea mtoto wake aliyesoma: mbuzi, bugali wa muhogo uliosimama kama kilima, ndizi za kuchoma, na kasiksi ya kibuyu cha pembeni, ile isiyouzwa. Sombe na lenga-lenga, mboga za majani, ziliwekwa upande wa wanawake. Mtu wa cheo hali majani mbele ya watu. Majani ni chakula cha siku ambazo hakuna chakula. Walikula giza likiwa limeshaingia, baada ya sala na hotuba, na Marcellin alikula mpaka mkanda ukafunguliwa, kwa maana kubakiza nyama kwenye sahani ya mjane ni kumwambia kwamba ameanguka. Kisha alilazwa kwenye kitanda kilichokuwa cha Jean-Marie, ukuta mmoja na jiko lililokuwa bado linafuka.

Na kila mara, kabla ya kupambazuka, kifua kilimbana. Miaka ya kwanza alilaumu ukungu wa mlimani. Lakini Bonane ya mwisho ilikuwa mbaya kuliko zote. Walimkuta ameshikilia mwimo wa mlango, akivuta hewa kama mtu anayevuta kamba ndefu kutoka kisimani, na kamba haishi. Jua lilipotoka na maneno yakamrudia, shangazi zake walikuwa wamemzunguka. Wakamwuliza ni nini. Akasema:

“Kuna kitu nimekula hapa.”

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Françoise alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la maji ya moto mikononi, na Marcellin aliwaona wanawake wote wanageuka kulitazama lile bakuli. Alifungua kinywa atie neno la pili, la kulipunguza lile la kwanza. Hewa haikutosha. Ndivyo alivyojiambia baadaye, kwamba hewa haikutosha. Lakini kabla ya adhuhuri hewa ilikuwa imetosha, na hakusema.

Shangazi zake wakampeleka kwa mganga ng'ambo ya bonde. Mganga akamnywesha maji ya majani machungu, akamwinamisha juu ya beseni, na alipokwisha kutapika akachokoa humo kwa kijiti, akainua kitu chembamba, chekundu kilichokoza, akasema hii njo karuho yenyewe, tazameni. Shangazi wakapiga midomo. Marcellin naye akatazama. Alikitambua papo hapo. Lilikuwa ganda la haragwe. Kwa miaka mingi alikuwa amewaonyesha wanafunzi ganda kama lile chini ya lenzi, akawafundisha jina lake. Watu wote walikuwa wanamngojea, na yeye akatikisa kichwa kukubali.

Baada ya hapo neno lilitembea lenyewe, bila yeye. Kasiksi ya Françoise ilianza kubaki. Wanaume waliokuwa wakipumzika kwenye benchi lake wakitoka shambani walipita upande wa pili wa njia wakimsalimia kwa sauti kubwa mno. Papa Luc, jirani yake mzee, ambaye kila jioni alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, alianza kusema kwamba daktari amemkataza, ingawa kila mtu alijua hajawahi kuonana na daktari. Hata ndizi zake sokoni zilinunuliwa na wageni tu. Gisèle alikutana naye huko siku moja, akarudi Bagira akimweleza mumewe kwa sauti ya chini kwamba mama huyo amekata kucha zake zote mpaka kwenye nyama, vidole vimevimba, na kwamba anapoongea na mtu huviweka mbele, vimefunguka, bila kuambiwa.

Marcellin alisema tu: eh. Kisha akaomba apewe chakula.

Alingojea kifua kitulie, kwa kuwa sasa alikuwa hali tena kwa Françoise. Hakikutulia. Alibanwa Bagira, kitandani kwake, baada ya chakula kilichopikwa na mke wake. Kwanza alisema ni mabaki ya ile karuho, bado inatoka mwilini. Lakini masika yakaja, mabaki hayakwisha, na siku moja akabanwa darasani, chaki ya buluu mkononi, mapafu yakiwa yamechorwa nusu. Aliegemea ubao. Wanafunzi wakadhani anafikiri. Alipogeuka ili atoke, waliona mgongoni mwake, kwenye koti, chapa ya pafu la buluu, na mmoja akacheka kabla hajauona uso wake.

Hospitalini alikopelekwa, daktari wa zamu alikuwa Priscille, msichana aliyekaa zamani benchi la mbele katika darasa lake. Alimwekea dawa ya mvuke, akangoja, na pumzi iliporudi akampulizisha kwenye kibomba chenye mshale. Mshale ulipanda kidogo ukakata tamaa. Alirudia mara nyingine. Kisha akavuta kiti, akamwuliza mambo ambayo Marcellin hakuyatarajia: anakula nini, anakula saa gani, baada ya kula anafanya nini.

Marcellin aliona aibu kama mtu anayeombwa avue shati mbele ya watoto wake. Alieleza. Asubuhi chai ya sukari nyingi na maandazi, kwa kuwa anakimbilia masomo. Mchana hakuna kitu. Jioni, akimaliza masomo ya ziada na mikutano, anakuta bugali na nyama ya kukaanga, au soseji, anakula kwa njaa ya siku nzima na chupa ya bia, kisha analala. Mboga? Mboga zipo, watoto wanakula. Matunda? Bustani ina mti wa avoka, lakini avoka zile Gisèle huwapa majirani.

“Na sikukuu, Prof?”

“Sikukuu ni vilevile,” alisema. “Ila zaidi. Na kasiksi.”

Priscille hakucheka. Akamweleza polepole, akitumia maneno ambayo mwenyewe alikuwa ameyapata kwake. Alichokuwa nacho ni pumu, tangu zamani sana. Pumu yake ilikuwa na vichochezi vingi, na kimoja kilikaa tumboni. Tumbo likijaa jioni na mtu akalala papo hapo, uchachu wake hupanda kooni na kuziudhi njia za hewa, nazo hujifunga. Pombe hulegeza mlango wa tumbo, na kuna vifua ambavyo vinywaji vilivyochachuka huvibana hata vyenyewe. Kitambi nacho hukalia mapafu kutoka chini. Moshi wa jiko unamalizia. Akasema tena kwamba wanaokula mboga na matunda kwa wingi huonekana mara nyingi kuwa na vifua vilivyotulia zaidi, ingawa wanaochunguza hayo bado wanabishana, na asije mtu akamwambia aache dawa ale lenga-lenga. Dawa ni pompi, ile ya kuvutwa mdomoni, kila siku, hata siku ambayo yuko vizuri. Chakula kinaisaidia, hakichukui nafasi yake.

Kisha akauliza, akiandika bila kuinua macho:

“Mu famille, kuna mwingine alikuwa na hii kifua?”

“Kaka yangu.”

“Iko wapi sasa?”

“Alikufa.”

“Alikufa na nini?”

Marcellin alikitazama kile kibomba chenye mshale. Aliuona mdomo wa Jean-Marie ukiwa wazi. Aliliona bakuli la maji ya moto, na vidole vilivyolishika, vikiwa bado na kucha.

“Na hii,” alisema.

Gisèle alilipokea agizo la daktari kama mtu aliyekuwa akilisubiri tangu ndoa. Chakula cha jioni kikasogea mpaka kabla ya jua kuzama, na mchana akawa anampa kopo la maharage na sombe la kula shuleni, akalifungia katika mfuko wa vitabu ili walimu wengine wasione. Alinunua sambaza na vitunguu kwa akina mama wanaoleta bidhaa kwa mtumbwi kutoka Minova, akaacha kukaanga, akachemsha. Avoka hazikwenda tena kwa majirani. Kitanda kikainuliwa upande wa kichwa kwa matofali. Wiki za kwanza Marcellin alikula lenga-lenga akiwa amefunga mlango wa mbele, na mkewe akamwambia watoto wakisikia kwamba baba yao amekuwa sungura, ila sungura hafichi masikio.

Pompi aliificha kwenye soksi. Mwalimu anayevuta kitu mdomoni, watu watasema ana kifua kikuu, au ana ule ugonjwa mwingine.

Na kifua kikaanza kutulia. Kulikuwa na usiku wa kuamka mara moja tu, kisha usiku wa kutoamka. Nguo zikalegea. Mtu mwingine angefurahi. Lakini kwa Marcellin kila asubuhi aliyoamka vizuri ilikuwa shahidi mpya wa Françoise, na mashahidi hao walimzunguka kitandani kabla hajafungua macho, kama walivyomzunguka shangazi zake. Alitamani, Mungu amsamehe, abanwe tena mara moja, kwa nguvu, bila sababu, ili angalau mashaka yabaki. Alipanga kwenda Mudaka Jumamosi, ikawa mvua. Akapanga nyingine, ikawa mikutano. Alifikiria kutuma ujumbe kwa simu. Aliuandika, ukasomeka kama hotuba, akaufuta.

Gisèle alimwacha mpaka alipochoka kumwacha. Walikuwa bustanini, mke akichuma majani.

“Ile neno ulisema fasi gani?” akamwuliza.

“Mudaka.”

“Mbele ya nani?”

“Mbele ya watu.”

“Basi usiende kuitengeneza mu giza, baba. Fasi uliitupa, njo pale utaiokota.”

Alifika Mudaka Jumapili asubuhi, watu wakiwa bado kanisani. Françoise alikuwa uani peke yake, hakuwa amekwenda misa. Benchi la wanywaji lilikuwa limegeuzwa miguu juu, limeegemezwa ukutani, na kuku walitaga chini yake. Alimletea Marcellin kiti, akakaa mbali kidogo, mikono magotini, viganja juu.

Marcellin alikuwa amekuja na maneno yaliyopangwa vizuri, yenye mwanzo na katikati. Alianza na kusema kwamba elimu ya mwili ni jambo pana. Akasikia sauti yake ni ile ya darasani.  Kisha akamwambia vibaya vibaya, bila mpango: kwamba ni pumu, kwamba ilimuua Jean-Marie, kwamba yeye ilimbana hata kwake Bagira, kwa chakula cha Gisèle, kwamba haikuwa mkono wa mtu. Kwamba alilijua lile ganda la haragwe. Hilo hakuwa amemwambia hata mke wake.

Françoise alisikiliza akitazama miguu ya benchi.

“Ulijua,” alisema.

“Nilijua.”

“Siku ileile?”

“Siku ileile, muramu.”

Hakulia wala hakumtukana, na Marcellin aliyekuwa amejiandaa kwa vyote viwili hakuwa na pa kuweka uso wake. Akamwomba chakula. Alisema amekuja kula kwake, kitu kidogo, chochote, majani.

“Sikupi,” alisema Françoise. “Nikikupa, usiku ukikohoa hata kidogo, watanifanya nini? Ile ya kwanza nimeibeba. Ya pili itaniua.”

Akamwambia hapo alipo yeye na kasiksi yake wamekuwa kitu kimoja: kama inanyweka, naye ni mtu, kama hainyweki, basi. Miezi yote hii ndizi zinaiva, anakamua, anachachusha, anamwaga shambani. Watu wanaliona povu likishuka kwenye mfereji na wanajua maana yake.

Marcellin akasema yuko tayari kula hadharani. Akasema pia atalala hapa hapa, ili wamwone asubuhi. Lakini alipofikia kinywaji ulimi ulisita. Akinywa kibuyu kizima cha kasiksi jioni na kulala, anaweza kweli kubanwa, na hapo hakuna daktari duniani atakayemsafisha Françoise. Asipokunywa, watu watasema tazama, ameila mboga, kasiksi ameiogopa. Alieleza hivyo na kuona haya kwamba hata msamaha wake ulikuja na masharti ya tumbo.

Françoise alifikiri. Akainuka, akaligeuza benchi miguu chini, kuku wakatawanyika.

“Basi utasema,” akamjibu. “Mbele yao. Na mdomo ileile.”

Misa ilipotoka, njia ilijaa. Walimwona mwalimu wa Bagira ameketi uani kwa Françoise, sahani mapajani, jua likiwa utosini, na wakapunguza mwendo. Papa Luc aliingia kwanza, kwa udadisi zaidi kuliko upendo, akafuatwa na jirani wa pili, Mama Héritier, na wengine wakabaki uani nusu, njiani nusu. Kwenye sahani kulikuwa na maharage, lenga-lenga na kipande cha bugali kisichozidi ngumi. Marcellin alikula kila kitu. Hajawahi kula polepole vile. Kila tonge lilihesabiwa na macho.

Papa Luc aliuliza ikiwa mshahara wa walimu umekwama tena, hata mtu mkubwa akale majani mbele ya watu wa kanisa. Watu wakacheka. Marcellin akasema hapana, ni daktari. Akaanza kueleza. Aliwaambia juu ya tumbo linalojaa usiku, uchachu unaopanda, njia za hewa zinazojifunga. Aliwaambia ni kifua cha ukoo wao, ndicho kilichomchukua Jean-Marie, na kwamba yeye, siku ile ya Bonane, alisema uongo.

“Mwalimu,” alisema Papa Luc, “tumbo iko huku chini. Kifua iko huku juu. Nani alijenga hiyo barabara?”

“Barabara ni moja, Papa Luc. Inagawanyika pa koo.”

“Na karuho yenyewe ni kasiksi?”

“Kwangu mimi. Kwako wewe, hapana.”

Wakacheka tena, safari hii kwa upole zaidi. Françoise alitoka ndani na kibuyu. Akasimama mbele ya wote, akapiga funda, koo likapanda na kushuka, akakinyoosha kwa yeyote. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mama Héritier hakukitazama kibuyu, alimtazama Marcellin.

“Basi anza wewe, mwalimu.”

“Nimewaambia mama, mimi usiku itanibana. Hata kama ni ya mke wangu mwenyewe.”

“Eh,” alisema Mama Héritier. “Asiyekunywa ana yake anajua.”

Hapo Marcellin akaingiza mkono kwenye soksi, mbele ya watu wa kijiji chake, akatoa pompi, akaitikisa, akaivuta. Alitaka waone ugonjwa wenyewe, kitu cha kushikika. Waliona mtu mkubwa anayenyonya kitu kama mtoto. Baadhi waliangalia pembeni kwa adabu. Mmoja baada ya mwingine wakakumbuka chakula cha nyumbani, na uwanja ukabaki mtupu. Françoise alikuwa bado amenyoosha kibuyu. Aliurudisha mkono taratibu, akaketi kwenye benchi lake, akakinywa mwenyewe.

Marcellin alilala pale, kwenye kitanda cha kaka yake, gunia la majani makavu ya mgomba limewekwa chini ya mto kuinua kichwa. Hakula tena jioni ile. Hakubanwa. Kulipopambazuka alimsikia Mama Héritier kwenye ua akimwuliza Françoise kama mgeni ameamka.  Françoise aliendelea kufagia. Ilibidi Marcellin atoke mwenyewe, hajanawa uso, asimame penye mwanga na kusema ameamka, mama, amelala vizuri. Mama Héritier alimwangalia kutoka kichwani hadi miguuni kama mbuzi wa sokoni, akasema Mungu asifiwe, akaenda zake.

Wakati wa kuaga, Françoise alimletea bidoni, dumu la njano lililojaa kasiksi, kifuniko kimefungwa kwa jani la mgomba, na kikombe cha plastiki kimening'inizwa kwenye mpini wake.

“Utanibebea hii mpaka ku barabara,” alisema. “Pale wageni wanapita, labda watanunua. Mimi nakuja nyuma.”

Mwanamume hachukui bidoni ya kasiksi ya mwanamke, na mwalimu hachukui bidoni kabisa. Marcellin akaiinua. Françoise alimwacha atangulie, mbali kiasi kwamba hakuna ambaye angedhani anamsindikiza. Njia ya kwenda barabarani inapanda, na wakati ule wa asubuhi ina watu wote: wanaokwenda shamba, wanaokwenda maji, watoto wa shule waliomwamkia wakiwa wameduwaa. Katikati ya mlima aliitua, akavuta pompi bila kujificha, akangoja kidogo. Akaiinua tena.

Papa Luc alikuwa ameketi juu ya jiwe mahali njia inapokutana na barabara, jembe kando. Aliitazama bidoni, kisha lile jani, lililokunjwa kwa namna aliyoifahamu kwa miaka mingi.

“Ni ya nani?” aliuliza, ingawa alijua.

“Ya muramu wangu Françoise.”

“Na unaiuzisha wewe.”

“Mimi.”

 Mzee alimeza mate, kwa kuwa asubuhi ilikuwa na ukungu na yeye alikuwa ameikosa kasiksi ile miezi mingi. Chini, kwenye kona ya njia, Françoise alikuwa amesimama, vidole vimefunguka mbele yake.

“Basi, muuzaji,” alisema Papa Luc, “unajua namna inafanyikaga.”

Marcellin alifungua jani, akamimina kikombe. Harufu ilimpanda puani, tamu, ya uchachu, harufu ya kila Bonane ya maisha yake. Alimkumbuka Priscille. Akapiga funda moja, si kubwa, akameza, akahakikisha koo lake linaonekana. Kisha akamnyooshea mzee kikombe.

Papa Luc hakukipokea. Alikitazama kifua cha mwalimu, kwa makini, bila aibu yoyote, kama mtu anayeangalia sufuria ikiwa itachemka. Marcellin alisimama mbele yake mkono umenyooshwa. Alipumua tu. Kifua kilipanda, kikashuka. Kikapanda, kikashuka. Magari yalipita. Kasiksi ilimwagika kidogo kwenye vidole, naye hakuushusha mkono, mpaka mzee alipoinuka kutoka kwenye jiwe, akasogea karibu, akanyoosha mkono.